Kodi ya mazutu: tuiandike kwa kaye

Ndugu wanamemba, mufuko wa maharagi ukitoka Luhwindja kwenda Bukavu, ni nani analipa barabara? Mutasema: shofere. Hapana, ni sisi.

Kufuatana na sheria ya 2008, FONER, mfuko wa taifa wa kutengeneza barabara, inapata sehemu ya bei ya mazutu. Shofere akijaza tanki, amekwisha kulipa. Kisha kuko bariere njiani, mara ingine bila risiti. Yote hiyo anaiongeza kwa bei ya usafiri, na sisi tunauza kwa hasara. Mvua ikinyesha, kamyo inakwama vilevile.

Mashofere wengine wanaogopa kwamba wakiandika, watazidishiwa kodi. Tunawaelewa. Ndiyo maana tunashauri kaye ikae kwa kooperativi, bila jina la shofere: tarehe, litre ngapi, bariere gani, franga ngapi, risiti iko ao hapana.

Kisha miezi mitatu, tupeleke hesabu kwa ofisi ya Mwami na kwa FONER. Leo tunalalamika bila karatasi, basi hakuna mwenye kutujibu. Tuanze na mavuno haya ya maharagi.