Mwenye mizani ndiye mwenye bei



Kuna watu wanapita katika makambi yetu wakitafuta franga za zamani. Wanafika na pikipiki, wanasalimia muzuri, halafu wanauliza: «Muzee hakuacha franga ya kitambo?»

Mama mmoja mjane, jirani yangu, alifungua kopo la maziwa alimokuwa anaweka vitu vya marehemu bwana yake. Mulikuwa franga tano ya Katanga ya mwaka 1961, ile ya wakati wa Tshombe: upande mmoja ndizi, upande wa pili musalaba wa shaba. Mnunuzi akaishika kidogo mukononi, akasema: «Mama, hii iko bronzi tu.» Akamupa bei ya mufuko moja ya bunga, akaenda zake.

Sasa tusikilizane. Ile franga tano ya 1961 ilitengenezwa kwa namna mbili. Sura ni moja, lakini ya bronzi haifiki grami 7, na ya dhahabu inapita grami 13, ndani yake karibu grami 12 za dhahabu safi. Mizani ndogo ya wauza dhahabu ingetoa jibu kwa dakika moja. Mama anakumbuka tu kwamba «ilikuwa nzito». Ilikuwa dhahabu? Ilikuwa bronzi? Hatutajua tena. Siku ile aliyepima ni mnunuzi peke yake, kwa mukono wake.

Sisi watu wa migodi tunaijua hadithi hii. Pale depo, mwenye kununua ndiye mwenye metorex. Yeye anapima, yeye anasoma teneri, yeye anataja bei. Mchimbaji anabaki kuangalia. Kwa franga za zamani ni vile vile.

Huko Marekani wakusanyaji wa franga walikuwa na ugomvi huo. Muuzaji anasema: iko mpya. Mnunuzi anasema: imechakaa. Ndipo zikazaliwa kampuni za kupima: PCGS mwaka 1986, NGC mwaka 1987. Unalipa, wanaangalia kama franga ni ya kweli, wanaipa namba kutoka 1 mpaka 70, wanaifunga ndani ya kisanduku cha plastiki chenye namba yake. Kuanzia 60 ni ile ambayo haijapita mikononi mwa watu sokoni. 70 haina kasoro. Mnunuzi wa Brussels au Tokyo anaweza kuiona kwa eBay na kuilipa bila kuishika, juu anaamini ile namba.

Je, kila mtu apeleke franga zake kupimwa? Hapana. Hapa nisidanganye mutu. Kupima franga moja kunaweza kufika makumi ya dola, na kuituma ni makuta mengine, na soko la intaneti nalo linakata sehemu yake, mara nyingi zaidi ya dola 10 kwa kila 100. Tuchukue mfano: franga imeuzwa dola 100. Soko linakata 13, upimaji 40, posta 30. Unabaki na 17. Kama ingeuzwa dola 40, umekula hasara. Zile franga za tembo za Congo Belge ambazo zimechakaa, nyingi haziwezi kulipa safari hiyo. Lakini ile ya dhahabu ya 1961, au ile kubwa ya feza ya franga 50 ya mwaka 1944 kama bado iko muzuri, hizo usiziache zitoke mulangoni kwa bei ya bunga.

Kwa hiyo, mambo haya tuyashike.

Kwanza, usisugue. Vijana wetu wanapenda kung'arisha kwa ndimu na majivu. Wapimaji wanaona alama za kusugua, wanakataa kutoa namba, na bei inaanguka. Uchafu wa miaka 60 uuache.

Pili, pima uzito mbele ya mashahidi, piga picha pande zote mbili, uandike.

Tatu, kwa intaneti usiangalie bei ambayo watu wanaomba. Kila mutu anaweza kuomba dola 5000. Angalia zile ambazo zimeuzwa kweli. eBay inazionyesha ukichagua.

Ine, kisanduku cha plastiki nacho kinaigwa. Namba yake inahakikishwa kwa tovuti ya kampuni iliyopima. Na mnunuzi akikuambia mutoke nje ya soko mulipane pembeni, muache.

Tano, wengi wetu tutauza kupitia ndugu aliye Ubelgiji. Ndugu ni ndugu, lakini karatasi ni karatasi: nani amepewa franga gani, ya grami ngapi, na kila mutu atapata sehemu gani. Muandike mbele franga haijapanda ndege. Ugomvi wa urisi umeshavunja nyumba nyingi hapa kwetu.

Sisi wa sendika tunaomba kitu kidogo: kila kambi inunue mizani moja na daftari moja, viwekwe kwa mutu ambaye watu wanamuamini. Mjane akiitwa mulangoni ajue pa kwenda kupima mbele ya kujibu bei. Mizani hiyo haigharimu hata minervali ya mutoto mmoja.

Na siku tutazoea kupima franga zetu sisi wenyewe, pengine tutapata nguvu ya kusema neno lile lile pale depo: baba, metorex yako tumeiona, sasa na sisi tulete yetu.