AFYA YA NYUMBANI: Damu ya Mama Mja Mzito

Mtoto aliye tumboni hupata chakula chake katika damu ya mama. Damu hiyo ikipunguka, mama huchoka upesi, huona kizunguzungu, na viganja vyake hupauka. Hatari kubwa huja siku ya kuzaa, kwani aweza kufa kwa kutokwa na damu ambayo mwenye afya angeistahimili.

Yafaa basi aende kliniki mapema, kabla ya majuma 12 ya mimba kutimia, apimwe damu. Vidonge vya madini ya chuma atakavyopewa avimeze kila siku; choo kikiwa cheusi asiogope, ni dawa hiyo. Ale mboga za majani, maharagwe, dagaa na machungwa. Chai asinywe pamoja na chakula, maana huzuia chuma kisiingie mwilini. Penye malaria, alale ndani ya chandarua chenye dawa.

Mume naye ana wajibu: ampunguzie mzigo wa kuni na maji, na nauli aiweke tayari. Damu ikitoka, kichwa kikiuma sana, au mtoto akiacha kucheza tumboni, wasingoje kupambazuke. Waende hospitali mara moja.