Laptopu Yako Haijazeeka, Imekataliwa Tu

Wasee, leo nimekasirika kwa hivyo mnivumilie.

Wiki jana shangazi yangu alinipigia simu akiwa na furaha tele. Binti yake ameitwa kampasi, na shangazi alikuwa amechukua mkopo kwa chama ili amnunulie laptopu. Alikuwa ameshanunua. Alichotaka ni mimi niende "nimwekee zile vitu za kompyuta." Nikamuuliza amenunua gani. Akanijibu kwa madaha: "Mpya. Bado iko kwa karatasi."

Nilipoiona nilinyamaza kwanza. Celeron N4020. RAM GB 4. Storeji GB 64, tena eMMC, yaani ndugu ya memori kadi ya simu. Shilingi elfu thelathini na nne. Niliiwasha, nikafungua Chrome na Word pamoja, nikaenda kuchemsha chai. Siongezi chumvi, chai ilikuwa tayari kabla ya Word.

Sasa ngoja uskie kitu kilichoniuma. Kwenye duka hilo hilo kulikuwa na ThinkPad T470 ya ex-UK. Core i5, RAM GB 16, SSD ya GB 256, elfu ishirini na sita. Shangazi aliishika. Alikuwa anaelekea kuilipia. Jamaa wa duka akamwambia, "Mathe, hiyo imepitwa na wakati. Haikubali Windows 11. Mtoto ataenda shule na kitu imekufa." Mama yeyote akisikia hivyo atafanya nini? Aliongeza pesa akachukua takataka iliyofungwa kwa karatasi.

Na mbaya zaidi, yule jamaa hakudanganya kabisa. Ni kweli Windows 11 haiikubali hiyo T470. Swali ambalo hakuna mtu anauliza pale mjini ni: kwa nini?

Turudi nyuma kidogo. Windows 10 ilitoka Julai 2015, na mwaka huo huo mfanyakazi mmoja wa Microsoft alisimama kwenye mkutano wao akasema hiyo ndiyo Windows ya mwisho. Tukaamini. Oktoba 2021 ikaja Windows 11 na masharti yake: lazima uwe na TPM 2.0, ambayo ni chipu ya kutunza funguo za siri za kompyuta, na lazima prosesa iwe kwenye orodha yao. Kwa Intel, orodha inaanzia kizazi cha 8, zile zilizotoka kuanzia 2017. Halafu Oktoba 14, 2025, Windows 10 ikafungiwa masasisho ya usalama ya bure. Kwa hivyo mwenye kizazi cha 7 kurudi nyuma ameambiwa mlango ule unafungwa na huu hauingii.

Microsoft wanasema ni usalama. Sawa, mimi si mpinzani wa usalama. TPM ni kitu ya maana, na kuna ulinzi fulani ndani ya Windows unaofanya kazi vizuri zaidi na prosesa za kisasa. Lakini angalia hii. Walipotangaza masharti, wakagundua kompyuta yao wenyewe, Surface Studio 2, bei ya juu sana, ndani ina Core i7-7820HQ. Kizazi cha 7. Unajua walifanya nini? Waliiongeza kwenye orodha. Ya kwao ilipita. T470 ya shangazi, ya kizazi hicho hicho cha 7, ikabaki nje kwa mvua.

Na bado sijafika kwa kichekesho chenyewe. Ile Celeron N4020 iko kwenye orodha. Imekubaliwa. RAM GB 4 inatosha kwa masharti yao, storeji GB 64 inatosha. Kwa hivyo kwa macho ya Microsoft, mashine ambayo haiwezi kufungua Word kabla chai ichemke ni "ya kisasa," na mashine yenye RAM mara nne yake ni marehemu. Hiyo si teknolojia buda. Hiyo ni karatasi ya mlangoni kwa klabu, wengine majina yao yako na wengine hawako.

Chukua T470 na T480, ziweke kando kando. Mtu asiyejua hawezi kuzitofautisha. Kasha ni kama moja, kibodi ni kama moja, ile betri ya nyuma unaichomoa kwa vidole. T480 ya kizazi cha 8 inaingia Windows 11. T470 hapana. Ndiyo, T480 ina nguvu zaidi, i5 yake ina kori nne badala ya mbili, sitakudanganya. Lakini mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anayeandika asainmenti, anayesoma PDF, anayeingia kwenye mfumo wa chuo na kuangalia YouTube usiku, hizo kori mbili zinamtosha na chenji inabaki.

Najua kuna mtu ashaanza kuandika, "lakini kuna njia ya kulazimisha." Ndiyo, iko. Unatengeneza flashi na Rufus, unaruka masharti, Windows 11 inaingia. Maduka mengi ya mjini ndiyo yanafanya hivyo, ndiyo maana unaona EliteBook 840 G3 ya kizazi cha 6 imebandikwa karatasi "Windows 11 Pro." Hawakuambii kwamba Microsoft wenyewe wameandika mashine kama hiyo haina uhakika wa kupata masasisho. Yale makubwa ya kila mwaka hayaji yenyewe, ni wewe uyalazimishe tena. Ukiulizwa na mtu asiyejua kompyuta, kama shangazi yangu, huwezi kumpa hiyo kazi. Ni kama kumuuzia mtu gari halafu umwambie kila Januari alisukume kutoka Gikomba hadi Westlands.

Kuna pia ule mwaka mmoja wa ziada. Microsoft walitoa masasisho ya usalama ya Windows 10 hadi Oktoba 2026, kwa dola 30, karibu elfu nne zetu, au bure ukikubali kuingia na akaunti yao na kuhifadhi mipangilio yako kwao. Watu wa Ulaya walipiga kelele kupitia vyama vya watumiaji, wakaondolewa hilo sharti la kuhifadhi. Sisi hatukupiga kelele, tukabaki na masharti. Kama unatumia Windows 10 na hutaki kubadilisha chochote kwa sasa, jiandikishe leo, ni bora kuliko kukaa uchi. Lakini huo ni mwaka mmoja. Na wewe uko kampasi miaka minne.

Sasa nifike kwa kile nimekuja kusema. Nunua hiyo T470. Nunua hiyo EliteBook G3. Bei yake imeshuka sababu kila mtu ameambiwa imekufa. Halafu weka Linux Mint.

Ngoja, usifunge. Najua neno Linux likitajwa unaona jamaa amevaa hudi kwa giza anaandika maandishi ya kijani. Mint haiko hivyo. Kitufe cha menyu kiko chini kushoto, saa iko chini kulia, faili zako ziko kwa folda. Mathe wangu anaitumia na hajui inaitwa nini, anaita "ile kompyuta." Mint 22 ilitoka 2024 na inapata masasisho hadi 2029, bure, bila akaunti, bila kuulizwa namba ya simu. Wanapendekeza RAM GB 4, yako ina 16, itapaa.

Unafanya hivi. Shusha faili yao, ni kama GB 3, kwa hivyo tafuta Wi-Fi ya bure, usiunguze bando. Iweke kwenye flashi kwa Rufus au balenaEtcher. Zima laptopu, iwashe huku ukigonga F12 kama ni Lenovo au Dell, F9 kama ni HP, chagua flashi. Mint itawaka kutoka kwa flashi bila kugusa chochote ndani. Cheza nayo hapo. Angalia Wi-Fi inashika, sauti inatoka, kamera inaona. Ukiipenda ndiyo uibonyeze iingie, ukiichukia toa flashi uende zako. Ila kabla ya kuiingiza, nakili faili zako kando. Nasema tena, nakili faili zako. Kuna msee alinilaumu kwa DM sababu alifuta picha za graduation ya dadake, na nilikuwa nimesema.

Haitakufaa kwa kila kitu na sitajifanya. Kama unaishi kwa Valorant, hapana, mfumo wao wa kuzuia wezi wa mchezo haukubali Linux. EA FC pia, hizi za karibuni, hapana. Kama kazi yako ni Photoshop na Premiere, Adobe hawajaleta. Mimi naeditia Kdenlive na video zangu mnaziona, mkilalamika huwa ni kuhusu nywele zangu. DaVinci Resolve ipo kwa Linux, lakini ile ya bure inakataa zile video za kawaida za simu hadi uzibadilishe kwanza, inachosha. Fomu za Excel zenye makro pia husumbua ndani ya LibreOffice, kwa hivyo mhasibu bakia ulipo. Na uliza idara yako kama kuna programu ya lazima ya mtihani kabla hujafuta Windows. Wa uhandisi hasa, AutoCAD si mchezo.

Lakini wengi wetu tunafanya nini kwa laptopu? eCitizen ni brauza. HELB ni brauza. Google Docs, Canva, ChatGPT, Netflix, zote ni brauza. Word ya asainmenti inafunguka kwa LibreOffice, na ukitaka kuwa salama unaituma kama PDF.

Halafu kuna wale wa "Linux si ya kuaminika, ni ya bure." Wewe Windows yako ulilipia? Nani hapa amewahi kulipia? Tunatembea na Windows iliyokrakiwa na kijana wa kibanda, kwa programu aliyotoa mahali asipopajua, iliyomwambia azime antivairasi kwanza ndipo ifanye kazi. Akazima. Na hapo ndipo unaingiza nywila ya benki.

Wenye kuuza mpya nao wamekuja na wimbo mwingine. Tangu Mei 2024 kuna jina Copilot+ PC: lazima RAM GB 16, lazima chipu maalum ya akili bandia. Kitu cha kwanza walichotamba nacho kilikuwa Recall, inayopiga picha skrini yako mara kwa mara ili ukumbuke ulichofanya. Watu wa usalama walipoichunguza ikabidi irudishwe jikoni, ikatoka tena 2025. Mimi sijakutana na mwanafunzi mmoja aliyesema, "shida yangu ni kwamba laptopu haijanipiga picha za kutosha." Shida ni betri inaisha saa nne, na RAM haiongezeki. Na nyingi ya hizi nyembamba mpya RAM imechomelewa kwenye ubao. Umenunua ya 8, utakufa na ya 8. T470 unafungua skrubu chache, unaongeza RAM, unabadilisha SSD, betri mpya unaipata Luthuli mchana huo huo.

Mwishoni mwa 2023 kampuni ya utafiti ya Canalys ilikadiria kompyuta kama milioni 240 huenda zikageuka takataka sababu ya kufungwa kwa Windows 10. Ofisi za Uingereza zinazitoa, kontena zinafika hapa, na sisi tukiambiwa zimekufa tutazitupa wapi? Tunajua wapi. Dandora. Na si Microsoft watakaokuja kuchoma nyaya pale kutafuta shaba, ni mtoto wa mtu.

Jumamosi nilirudi kwa shangazi. Tulikuwa tumejaribu kurudisha ile Celeron, tukaonyeshwa maandishi nyuma ya risiti kwamba bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Nikafungua kifuniko nikitumaini kuongeza RAM. Imechomelewa. Storeji, imechomelewa. Nikaweka Mint ya Xfce, ile nyepesi, na kweli imeamka kiasi: Writer inafunguka, tabu tatu za brauza zinaenda, ya nne anaomba Mungu. Binamu yangu amesema asante, ni mtoto wa adabu. Anaripoti Jumatatu.

Shangazi alikuwa jikoni. Aliniuliza kwa sauti ya chini kama ile nyingine, ile nyeusi aliyoishika, ingemfaa zaidi. Nikamwambia hii itasukuma sukuma tu. Chama bado anadaiwa miezi saba.