Mavazi Sitini ya Adui Mmoja

Askari aliyelazwa kwa malaria mwezi Novemba, kisha akarudi kitandani kwa ugonjwa ule ule mwezi Aprili, huulizwa na jamaa zake swali moja: je, mara ya kwanza hakupona? Aghalabu alipona barabara. Mtoto aliyeugua surua kwa kawaida haiugui tena maishani mwake, bali malaria haijui adabu hiyo. Katika mtaa wa Kabeza, ulioko Kanombe, wilaya ya Kicukiro, jirani na uwanja wa ndege wa Kigali, mvua za Machi hadi Mei na zile za Septemba hadi Desemba hufuatwa na mbu, na mbu hufuatwa na homa. Mji kuwa juu ya vilima, kiasi cha mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, hakujawakinga wakazi wake.

Siri ya homa kurudi imo ndani ya kijidudu chenyewe. Kijidudu cha malaria kali, ambacho wataalamu hukiita Plasmodium falciparum, ni chembe hai moja tu. Hakina moyo, hakina jicho wala ubongo. Lakini ndani ya chembe hiyo mna kiini, na ndani ya kiini mna nyuzi 14 zilizobeba maagizo ya maisha yake yote, yapatayo 5,300. Kila agizo huitwa jeni. Wataalamu walitangaza kwamba wamezisoma nyuzi hizo mwaka 2002.

Nyuzi hizo haziachwi ovyo ndani ya kiini. Zimezungushwa juu ya protini ndogo ndogo ziitwazo histoni, kama uzi wa cherehani unavyozungushwa juu ya kigurudumu chake. Uzi pamoja na protini zake ndio kromatini. Mahali kromatini ilipolegea, agizo husomwa na kutekelezwa. Mahali ilipokazwa, agizo lipo palepale, halikupungua hata herufi moja, lakini haliwezi kusomwa. Ni mfano wa amri iliyotiwa ndani ya sanduku la chuma likapigwa kufuli.

Miongoni mwa maagizo hayo, kiasi cha 60 yanahusu vazi. Kijidudu kikiisha kuingia ndani ya chembe nyekundu ya damu, hutoa protini fulani na kuibandika juu ya ngozi ya chembe hiyo. Protini hiyo ni kama kulabu: hushika kuta za mishipa midogo ili chembe isichukuliwe na damu hadi kwenye wengu, ambako ingechujwa na kuharibiwa. Walakini kulabu ile ile ndiyo inayokiumbua kijidudu, kwa maana iko nje, na kinga ya mwili huiona. Baada ya siku kadhaa mwili huwa umekwisha kulijua vazi hilo na kuanza kuwaangamiza wote wanaolivaa.

Hapo ndipo hila inapoonekana. Katika yale maagizo 60, moja tu ndilo linaloachwa wazi kwa wakati mmoja. Mengine yote yamesukumwa kandokando ya kiini na kufungwa na protini inayokaza kromatini. Vijidudu huzaana kila baada ya saa 48 hivi, na watoto hurithi kufuli zile zile na vazi lile lile. Lakini wachache miongoni mwao hufunga sanduku la zamani na kufungua jingine. Wale wenye vazi linalojulikana wanapokufa, hawa wachache hubaki salama, huzaana, na homa hupanda upya. Mtu mzima aliyekulia penye malaria huwa amekwisha kukutana na mavazi mengi, ndiyo maana mara nyingi haugui vibaya kama mtoto mdogo. Mtu aliyekulia mahali pasipo malaria hana akiba hiyo, hata akiwa na kifua cha chuma.

Kuna vazi moja ambalo kila mama mjamzito na mumewe wanapaswa kulifahamu. Mwaka 1996 wataalamu Michal Fried na Patrick Duffy, waliofanya kazi yao Kisumu, Kenya, walieleza kwamba vijidudu vilivyomo ndani ya kondo la nyuma hushika kitu kisichoshikwa na vile vya kawaida. Baadaye ikajulikana kwamba vinatumia vazi maalumu, ambalo kwa watu wengine hukaa limefungwa. Mwanamke anayebeba mimba ya kwanza hajapata kukutana nalo kamwe. Kwa hiyo, hata kama alikuwa na kinga nzuri alipokuwa msichana, mimba hiyo humrudisha karibu na hali ya mgeni, na mtoto huweza kuzaliwa na uzito mdogo. Wale mashangazi wanaosema kwamba binti aliyezoea malaria hahitaji chandarua awapo mjamzito wanakosea, na kosa lao ni la hatari.

Kufunga na kufungua kromatini hakuishii kwenye mavazi. Sehemu ndogo ya vijidudu huacha kuzaana ndani ya damu na kugeuka dume na jike, tayari kwa safari ya kwenda kwa mbu. Jeni inayoamuru mageuzi hayo nayo hukaa chini ya kufuli. Kufuli hiyo inapoondolewa, kijidudu hakirudi nyuma tena. Hukomaa kwa muda wa siku 10 hadi 12, kwa sehemu kubwa kikiwa kimejificha ndani ya uboho wa mifupa.

Kilele cha mageuzi hayo kilionwa kwa mara ya kwanza na daktari wa jeshi. Mwaka 1880, mjini Constantine nchini Algeria, Alphonse Laveran wa jeshi la Ufaransa alikuwa akitazama damu ya askari mgonjwa kwa hadubini, mara akaona nyuzi nyembamba zikichomoza na kuchapa huku na huku kama mijeledi. Zilikuwa mbegu za kiume za kijidudu. Damu ikipoa, kama inavyopoa ndani ya tumbo la mbu au juu ya kioo cha hadubini, kiini cha dume hunakili nyuzi zake mara tatu mfululizo na kutoa mbegu 8, yote hayo kwa muda wa robo saa hivi. Laveran alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1907.

Si malaria peke yake yenye ufundi huu. Katika maji ya madimbwi huishi kiumbe wa chembe moja aitwaye Tetrahymena, asiyemdhuru mtu, mwenye viini viwili, kikubwa na kidogo. Anapojenga kiini kikubwa kipya, hutia alama kwenye sehemu za uzi asizozihitaji, hukaza kromatini yake, kisha huzikata na kuzitupa, kiasi cha theluthi moja ya uzi wote. Kijidudu cha malaria hakitupi kitu. Hufungia tu, maana huenda akiba ikahitajika kesho.

Yote hayo ni mageuzi yasiyogusa herufi za uzi. Yapo pia mageuzi ya herufi zenyewe, na hayo yametokea karibu sana na Kabeza. Mwaka 2020 wataalamu walitangaza kwamba katika damu iliyokusanywa kuanzia mwaka 2014 huko Masaka, ndani ya wilaya hiyo hiyo ya Kicukiro, walikuta vijidudu vilivyobadilika mahali pa 561 katika jeni iitwayo K13. Badiliko hilo hukifanya kijidudu kichelewe kufa kwa artemisinini, ambayo ni nguzo ya dawa ya mseto. Dawa iliendelea kuponya wengi, kwa sababu dawa ya pili iliyomo ndani ya mseto huja kummalizia adui. Ndiyo maana anayeacha vidonge siku ya pili, kwa kuwa homa imeshuka na lindo linamngoja, anaviachia vijidudu vile vilivyo vigumu zaidi kufa.

Dawa ya mseto ya artemetha na lumefantrini humezwa mara sita kwa siku tatu: dozi ya pili saa 8 baada ya ile ya kwanza, kisha asubuhi na jioni. Mgonjwa aimeze pamoja na maziwa au chakula chenye mafuta, kwa maana tumbo likiwa tupu lumefantrini huingia mwilini kidogo sana. Aendelee pia kulala ndani ya chandarua hata baada ya kupata nafuu, kwa sababu madume na majike yaliyokomaa huweza kubaki katika damu yake siku kadhaa baada ya homa kwisha, na mbu atakayemuuma yeye usiku huu huenda baadaye akamuuma mwanawe.