Msingi Ukaguliwe Ungali Wazi

Ndugu msomaji, wako wengi miongoni mwetu wanaofanya kazi mjini, bandarini Malindi, sokoni Darajani, maofisini na mahotelini, lakini mioyo yao iko shamba. Hujinyima kwa miaka, hununua saruji mfuko kwa mfuko, hata siku ikafika wakaanza kujenga kwao. Safu ya leo inamhusu mtu wa namna hiyo: mwenyeji wa Kizimkazi aliyekwisha kupata kibali cha ujenzi, ramani yake imepigwa muhuri, na fundi amekwisha kuonyeshwa kiwanja. Anadhani shughuli za ofisi zimekwisha. Kumbe ndiyo kwanza zinaanza.

Kibali ni ruhusa ya kujenga kile kilichochorwa. Ukaguzi ndio unaothibitisha kuwa kilichochorwa ndicho kinachojengwa. Na kuna jambo moja ambalo hatuna budi kulishika: nyumba huficha. Mtaro wa msingi hufunikwa na zege, nondo hufunikwa na zege, ukuta hufunikwa na lipu, na lipu hufunikwa na rangi. Mkaguzi akiitwa baada ya kufunikwa, hana cha kukagua ila rangi.

Kwa mtu wa Kizimkazi, awe wa Dimbani au wa Mkunguni, jambo hili lina uzito wa peke yake. Sehemu kubwa ya kusini mwa Unguja ni ardhi ya mawe, ile iitwayo uwanda: udongo haba juu, na chini yake mwamba wa matumbawe ya kale. Mwenye kuutazama huona kuwa jiwe lipo tayari, msingi wa nini tena? Lakini mwamba huo ni wa chokaa. Maji ya mvua huuyeyusha kidogo kidogo kwa karne nyingi, yakaacha mianya na mapango. Kwa hiyo kona moja ya nyumba yaweza kukaa juu ya jiwe zima, na ya pili juu ya ganda jembamba lenye uwazi chini yake, au juu ya mfuko wa udongo. Uzito ukizidi, kona moja hushuka na nyingine husimama. Hapo ndipo ukuta unapopasuka kwa mshazari kutoka pembe ya dirisha, na mwenye nyumba akaanza kumlaumu fundi wa lipu.

Basi tujiandae vipi? Kwanza, kabla ya jembe la kwanza, nenda ukaulize ni hatua zipi zinazotakiwa kukaguliwa, na taarifa ipelekwe siku ngapi kabla. Ukianzia kwa sheha wako utaelekezwa ofisi inayohusika. Aliye Mji Mkongwe hana budi kuijua Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe, iliyoanzishwa mwaka 1985. Ziandike hatua hizo katika daftari, kisha umsomee fundi. Katika mapatano yenu liwemo neno hili: zege halimwagwi mpaka mkaguzi awe ameona na kutia saini. Fundi anayelikataa neno hilo amekwisha kukuambia mengi.

Pili, andaa mtaro. Uwe umefikia kina kilichomo katika ramani, sakafu yake iwe tambarare, udongo uliomomonyoka na maji ya mvua vitolewe. Pembe zipimwe kwa ile njia ya mafundi ya 3, 4 na 5: pima mita 3 upande mmoja, mita 4 upande wa pili, na baina ya ncha hizo zipatikane mita 5 kamili. Gongagonga mwamba kwa mtaimbo kila penye mashaka. Sauti ya jiwe zima si sauti ya jiwe lenye uwazi. Ukikuta tundu, usilijaze vifusi usiku ili mkaguzi asilione. Mwonyeshe, maana yeye na mhandisi ndio wa kukuambia kama litazibwa, litavukwa, au nyumba itasogezwa.

Tatu, andaa nondo. Zifungwe kwa idadi na unene uliochorwa, na ziinuliwe kwa vijiwe vya zege ili zisilale juu ya udongo. Nondo iliyogusa ardhi hupata unyevu na kutu, na kutu huvimba hata ikapasua zege kutoka ndani. Kwa sababu hiyo hiyo mchanga wa ufukweni haufai, ijapokuwa kwa watu wa Kizimkazi uko mlangoni. Chumvi yake ni adui wa chuma.

Nne, onyesha mahali pa shimo la choo na mahali pa kisima, chako na cha jirani. Katika mwamba wenye mianya maji machafu hayachujwi vizuri kama yachujwavyo na mchanga; huteremka upesi na kwenda mbali. Kosa la ukuta humdhuru mwenye nyumba. Kosa la shimo la choo huwadhuru watoto wa mtaa mzima.

Siku ya ukaguzi ramani yenye muhuri iwepo kiwanjani, utepe wa kupimia uwepo, na fundi mkuu awepo. Nawe mwenye nyumba, ukiweza, omba ruhusa kazini uende. Akikataa jambo, usigombane naye. Mwombe aandike kinachotakiwa kurekebishwa, ili fundi asipate nafasi ya kusema hakusikia vizuri. Kabla ya kufunika, piga picha za nondo kwa simu yako, uziweke pamoja na karatasi za kibali.

Tunajua, msomaji, mahali penye mtihani. Mkaguzi ameahidi kuja Jumatatu, hakuja. Mafundi wanne wamekaa kivulini wakihesabu siku. Kokoto imelipiwa, wingu limetanda, na fundi anakunong'oneza kuwa mkaguzi akija ataonyeshwa picha. Mwingine anakushauri umwandalie mkaguzi bahasha. Saa hiyo ndiyo inayoamua nyumba yako itakuwa nyumba ya namna gani. Ujira wa siku mbili ni hasara, hatukatai. Lakini zege likishakauka juu ya kosa, kulivunja ni kulipa mara ya pili, na kuliacha ni kuwalaza wanao juu yake. Na bahasha humnunua mtu tu. Mwamba haupokei bahasha. Mpigie mkaguzi simu, nenda ofisini kwake, na mafundi wape kazi nyingine, wapange mawe au wakate nondo za linta. Ni bora zaidi kupatana malipo kwa hatua badala ya siku, ili kungoja kusiwe adhabu.

Wala tusidhani kuwa majengo huanguka nchi za mbali tu. Tarehe 29 Machi 2013 jengo la ghorofa lililokuwa likijengwa katikati ya Dar es Salaam liliporomoka, na watu 36 walifariki. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883 wakati wa Sayyid Barghash, iliporomoka huku likikarabatiwa, na watu wawili walipoteza maisha. Uzuri wa jengo haushikilii ukuta.

Hapo hapo Dimbani pana msikiti wa kale ambao kibla chake kina maandishi ya Kikufi yanayotaja mwaka 500 wa Hijria, sawa na mwaka 1107. Msikiti wenyewe ulijengwa upya kwa sehemu kubwa katika karne ya 18, lakini maandishi yale yalihifadhiwa, na hadi leo yanatujulisha kazi ilifanywa lini. Karatasi ya ukaguzi, yenye tarehe na saini, ni ushahidi wa aina hiyo kwa nyumba yako ndogo. Utakapoirithisha, wanao watajua kuwa kabla ya msingi kufunikwa aliitwa mtu akautazama.

Basi wewe uliyepanga kumwaga zege mwisho wa wiki hii, uliza swali moja kwanza: nani ameuona mtaro?