Mtoto, Kadi na Bahasha Iliyofungwa

Barua imenifikia kutoka kwa mzee mmoja wa Mji wa Kale, Mombasa, ambaye jina lake nalihifadhi. Mjukuu wake, aliyezaliwa na kulelewa Marekani, alikuja likizo na mkebe uliojaa vipande vya karatasi ngumu, kila kimoja kina picha ya mchezaji wa besiboli. Mzee asema kijana huyo haombi peremende wala viatu. Aombacho ni bahasha za kadi, na kila asubuhi sharti ajue timu ya mji wao imecheza vipi usiku uliopita. Babu yake hajui kama huo ni mchezo tu, ama ni wazimu, ama ni kamari yenye sura ya kitoto, na auliza iwapo yafaa amkataze.

Nimeona suala hili lastahili kujibiwa hadharani, maana wajukuu wetu walio ng'ambo ni wengi, na hata walio papa hapa Pwani hawako mbali na jambo hilo kama tudhanivyo. Mimi si mufti, na fatwa nawaachia masheikh. Nitasema niyajuayo kuhusu kadi zenyewe, kisha nitatoa rai yangu.

Besiboli ni mchezo wa gongo na mpira mdogo mgumu. Mrushaji huutupa, mpigaji huupiga, kisha hukimbia kuvizunguka vituo vinne. Akirudi salama pale alipoanzia, timu yake imepata bao. Timu kubwa za Marekani hucheza michezo 162 kila moja kwa msimu, tangu mwishoni mwa Machi hadi mwishoni mwa Septemba, yaani karibu kila siku ya Mungu. Sisi mashabiki wa kandanda tumezoea kungoja Jumamosi. Shabiki wa besiboli hangoji. Kwake timu ni jambo la kila siku, nusura niseme kama uradi, astaghfirullah.

Kadi zilianza zamani, mwishoni mwa karne ya 19, zikitiwa ndani ya paketi za sigara. Iliyo mashuhuri kuliko zote za wakati ule ni ya Honus Wagner, iliyotolewa kati ya 1909 na 1911 kisha ikasimamishwa baada ya chache tu kuchapwa. Wapo wasemao aliikataa kwa kuwa hakutaka watoto wanunue tumbaku kwa ajili ya picha yake, na wapo wasemao ni mambo ya malipo. Mimi napenda kuamini hilo la kwanza. Baadaye tumbaku ikaacha nafasi, pakaja ubani wa kutafuna, na kampuni iliyotamba zaidi ni Topps, ya Brooklyn katika jiji la New York. Ndiyo hiyo hiyo iliyoanza kuuza ubani wa Bazooka mwaka 1947, na ndugu zetu wa Tanzania wapo waitao ubani wa kutafuna bazoka mpaka hii leo. Kwa hivyo tusijifanye kwamba kampuni hii ni ngeni kabisa vinywani mwetu.

Sasa tumchukue mtoto wa Brooklyn katika mwaka 1955, kwani hapo ndipo ladha ya jambo hili ilipo. Timu yake ni Dodgers. Mara saba ilikuwa imefika kwenye mashindano ya mwisho ya nchi, na mara saba ilishindwa. Tano katika hizo ilishindwa na majirani zake Yankees wa mji ule ule. Watu wa Brooklyn walikuwa na neno lao la kujiliwaza kila mwaka, la kungojea mwakani. Mtoto huyo anunua kadi kwa senti moja, apata kadi moja na kipande cha ubani. Akiwa na senti tano apata kadi kadhaa. Huenda akampata Jackie Robinson, aliyeuvunja ukuta wa rangi mwaka 1947 alipokuwa Mweusi wa kwanza wa zama zile kuchezea timu kubwa. Huenda akampata kijana wa hapo hapo Brooklyn, Sandy Koufax, ambaye hakuwa amerusha mpira hata mmoja katika daraja hiyo, na asiyejulikana na mtu. Lakini Roy Campanella na Pee Wee Reese hawezi kuwapata humo, maana hao walikuwa wa kampuni nyingine, Bowman, na mtoto atakaye timu nzima ilimbidi agawe senti zake huku na huku.

Nyuma ya kadi huandikwa hesabu za mchezaji: amepiga mara ngapi, amefanikiwa mara ngapi, na wastani wake. Walakini hesabu hizo ni za mwaka uliopita! Kadi ya 1955 yaeleza mambo ya 1954. Mtoto akitaka kujua mambo ya leo, lazima afungue gazeti la asubuhi, atazame mchezo wa jana, akae na kalamu ajumlishe na kugawanya mwenyewe. Aliyefanikiwa mara 27 katika 90, wastani wake ni tatu katika kumi. Na katika besiboli huyo ni bingwa, ingawa mara saba katika kumi ameshindwa. Watoto wangapi wa Kimarekani wamejua kugawanya kwa njia hii kabla mwalimu hajawafundisha? Sisi tuliosoma chuoni tunalielewa hilo vyema. Wapo watu wasiojua hesabu za shule hata kidogo, lakini waulize nusu, robo, thumuni, theluthi mbili, theluthi na sudusi, watakugawia urithi wa ukoo mzima bila ya karatasi, kwa kuwa walijifunza mafungu hayo ndani ya jambo lenye maana kwao.

Mwanahistoria Doris Kearns Goodwin, aliyezaliwa mwaka 1943, ameeleza katika kitabu chake cha 1997 jinsi baba yake alivyomfundisha akiwa mdogo kuandika kila tukio la mchezo, ili akirudi kazini jioni amsimulie mchezo wa Dodgers wa mchana. Asema huko ndiko alikojifunza kusimulia. Na alikuja kuandika historia za marais wa nchi yake.

Turudi 1955. Katika mkebe wa mtoto wetu imo kadi ya Johnny Podres, mrushaji wa kawaida tu. Msimu ule alishinda michezo 9 akashindwa 10, na sidhani mtoto yeyote mwenye akili angelitoa kadi ya Robinson akachukua ya Podres. Basi Dodgers wakakutana tena na Yankees, wakafungwa michezo miwili ya mwanzo, wakashinda mitatu, wakafungwa wa sita. Wa saba, tarehe 4 Oktoba, alipewa Podres, aliyekuwa ametimiza miaka 23 siku nne tu kabla. Yankees hawakupata hata bao moja. Katika kipindi cha sita walikuwa na wakimbiaji wawili vituoni, na Yogi Berra akaupiga mpira mrefu kuelekea pembe ya kushoto. Sandy Amoros, Mweusi kutoka Cuba, alikimbia mbio za ajabu akaunyoshea mkono wa kulia, uliovaa glavu kwa kuwa alikuwa ni mtu wa shoto, akaudaka. Angelikuwa mtu wa kulia pengine asingeufikia. Dodgers walishinda 2 kwa 0, na hilo ndilo kombe la pekee Brooklyn ililopata, kwani baada ya msimu wa 1957 timu ilihamishiwa Los Angeles, na mwaka 1960 uwanja wao ukaanza kubomolewa.

Mwenye kadi ya Podres siku ile alikuwa na nini mkononi? Thamani ya kadi ilikuwa ni ule mwaka wenyewe, michezo yote aliyoifuata, na yule mtu wa kawaida aliyesimama siku ilipohitajiwa. Mtoto asiyeufuata msimu angeiona ni karatasi tu. (Na Koufax naye, msimu ule alishinda miwili akashindwa miwili, akaja kuwa miongoni mwa warushaji bora kabisa, na mwaka 1965 alikataa kucheza siku ya kwanza ya mashindano ya mwisho kwa sababu iliangukia siku takatifu ya dini yake ya Kiyahudi. Vijana wetu wanaoahirisha sala kwa ajili ya mechi na walisome hilo.)

Huo ndio upande nisiouona ubaya. Sasa upande wa pili.

Wafanyabiashara waligundua kwamba watu wazima wako tayari kulipa fedha nyingi kwa kadi za utoto wao. Kadi za Topps za 1952 zilizosalia bila kununuliwa, Sy Berger wa kampuni hiyo alisimulia mwenyewe kuwa alizipakia chomboni mwaka 1960 akazitupa baharini. Kadi ya Mickey Mantle ya toleo hilo hilo iliuzwa mwezi wa Agosti 2022 kwa dola milioni 12.6. Habari za namna hii ziliwafanya watu wa miaka ya 1980 wanunue makasha na kuyafungia wakidhani ni hazina. Kampuni nazo zikachapa bila kiasi, na leo kadi nyingi za miaka ile hazina bei. Ndipo ikabuniwa hila mpya: kutia ndani ya bahasha chache, miongoni mwa maelfu, kadi adimu yenye sahihi ya mchezaji au kipande cha nguo yake. Uwezekano wa kuipata huandikwa kwenye bahasha yenyewe, moja katika mia kadhaa, moja katika maelfu.

Wanunuzi walikwenda mahakamani kudai kwamba hii ni kamari. Mwaka 2002 mahakama ya rufaa ya majimbo ya magharibi ya Marekani ilitupilia mbali madai yao. Haikusema kuwa jambo hilo ni safi. Ilisema mnunuzi hakudhurika katika mali yake, kwani alinunua bahasha ya kadi, na bahasha ya kadi ndiyo aliyopata. Hiyo ni sheria yao. Sisi tunayo hadithi mashuhuri, aliyoipokea Muslim, ya kukatazwa biashara ya kokoto na biashara ya gharari, na wanavyuoni wameeleza kuwa katika ile ya kokoto mtu alilipa kisha likatupwa kokoto, likiangukia nguo gani, hiyo ndiyo yake.

Atatokea mjuzi aseme: mbona tunanunua nazi bila kuivunja, na dafu bila kujua maji yake? Ni kweli, na mafakihi wamesamehe gharari ndogo isiyoepukika. Lakini hakuna anunuaye nazi mia akizitupa tisini na tisa kwa kutafuta moja yenye lulu. Senti moja ya mtoto wa Brooklyn naiweka upande wa nazi. Bahasha ya siku hizi, inayonunuliwa kwa ajili ya kile kimoja kisichomo, naiweka upande wa kokoto.

Tazama lililotokea juzi juzi. Topps, ambayo tangu 2022 ni mali ya kampuni ya Fanatics, ilitoa kadi moja tu duniani ya Paul Skenes, mrushaji wa Pittsburgh Pirates aliyeanza mwaka 2024, ikiwa na kiraka cha nguo aliyoivaa siku yake ya kwanza. Mtoto wa miaka 11 wa California aliipata ndani ya kadi alizopewa zawadi. Pirates walitaka kumpa, pamoja na mengine, tiketi mbili za msimu mzima kwa miaka 30. Jamaa zake walichagua mnada, na mwezi wa Machi 2025 kadi iliuzwa kwa dola milioni 1.11. Mimi siwalaumu, fedha hizo ni maisha ya mtu. Lakini ni mamia mangapi ya watoto waliofungua bahasha siku ile wakazitupa kando kadi za wachezaji wazuri kwa kuwa hawakuwa yule mmoja?

Huku kwetu mtoto hana kadi za besiboli, ana simu ya mamake. Ndani yake imo michezo ya kandanda inayouza bahasha kama hizo, ambazo hata karatasi hazina. Ubelgiji, nchi isiyo ya Kiislamu, mwaka 2018 ilizihesabu kuwa ni kamari. Na anayezoea kufungua bahasha ya simu akiwa na miaka 10, ubashiri wa mechi hautamwona mgeni akiwa na 18. Wazazi wanaosema ni mchezo tu nawaomba watazame kile kidole kinavyorudi pale pale.

Kwa hiyo mzee wangu, rai yangu ni hii. Bahasha zilizofungwa usimnunulie. Kadi aitakayo, ya mchezaji amjuaye, inauzwa wazi kwa bei inayojulikana, na nyingi ni rahisi kuliko bahasha yenyewe. Mwambie aichague kwa jina. Akitaka kubadilishana na wenziwe, na wabadilishane kila mmoja akiona achukuacho. Lakini timu yake usimnyang'anye. Mwambie akufundishe kutafuta wastani wa mpigaji wake. Mchezo uanzao saa moja usiku New York, kwako Mombasa ni saa nane usiku, na siku hizi huchukua muda usiofika saa tatu. Utokapo msikitini alfajiri matokeo yako tayari, na huko kwao mtoto bado hajalala.