Kisukari si ugonjwa wa walioshiba

Taja kisukari kijiweni au msibani, hukumu ni ile ile: ugonjwa wa walioshiba. Wa wenye vitambi, wa soda na chipsi kuku. Akitokea mtoto wa miaka tisa, mwembamba kama ufito, anayechomwa sindano mara mbili kwa siku, majirani humgeukia mama yake. Huyu alilishwa pipi kiasi gani?

Pipi hazihusiki. Kisukari cha aina ya kwanza huja pale kinga ya mwili inapozishambulia seli za kongosho zinazotengeneza insulini. Hakiulizi baba ana gari au ana jembe.

Zamani tiba yake ilikuwa njaa yenyewe. Elizabeth Hughes, ambaye baba yake alikuja kuwa Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani, aliugua mwaka 1919 akiwa na miaka 11. Daktari wake, Frederick Allen, alimpunja chakula kwa makusudi, kwa kuwa kula kungemuua upesi zaidi. Agosti 1922 alipofikishwa Toronto kwa Frederick Banting, mmoja wa waliogundua insulini, zilibaki siku chache atimize miaka 15, na uzito wake ulikuwa kama kilo 20 tu. Akachomwa insulini, akala, akanenepa, akaishi hadi 1981. Insulini, basi, ilipatikana ili mtoto ale.

Sisi tumeigeuza habari hiyo miguu juu. Mpango wa Changing Diabetes in Children, ulioanza mwaka 2009, umewafikishia watoto wa Tanzania, Kenya na Uganda insulini na vipimo bila malipo. Jambo jema, na anayelibeza hajawahi kununua chupa moja ya insulini kwa pesa yake. Tatizo ni sisi tulioamini kwamba hapo kazi imekwisha.

Insulini ya mchanganyiko ikichomwa saa kumi na mbili alfajiri, hufanya kazi kwa nguvu kuanzia katikati ya asubuhi hadi alasiri. Haijui kama jikoni kuna unga. Mtoto aliyeondoka nyumbani na chai ya rangi anafika saa tano mkono ukitetemeka, herufi zinaruka mstari, jasho linamtoka darasani peke yake. Mwalimu anadhani malaria. Wenzake wananong'ona mapepo. Ni sukari imeshuka, na asipopata kitu cha kula haraka kinachofuata ni degedege na kuzimia.

Mama aliyeyaona hayo mara moja hujifunza hesabu yake mwenyewe: siku isiyo na chakula, sindano tuache. Sukari inapanda, damu inajaa asidi, mtoto anatapika na kuhema kwa nguvu. Wakifika hospitali, mama anapokelewa na neno moja: uzembe. Labda aitwe hivyo na mtu aliyewahi kuchagua kati ya hayo mawili.

Wapo watakaosema serikali haiwezi kumlisha kila mgonjwa. Eldoret, Kenya, walijaribu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, madaktari wa mpango wa AMPATH waliona wagonjwa wa Ukimwi wakimeza ARV na tumbo tupu. Wakaanzisha mashamba, wakashirikiana na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, na mgonjwa akawa anaondoka kliniki na dawa pamoja na mboga na mayai. Hakuna aliyedai kwamba Ukimwi ni ugonjwa wa walioshiba, ndiyo maana hoja ilipita.

Kwa watoto wa kisukari hata shamba halihitajiki ili kuanza. Tanzania ilifuta ada mwaka 2016, lakini uji wa shule za kutwa bado unategemea michango ya wazazi, na asiyechangiwa mara nyingi hukaa pembeni wenzake wakinywa. Majina ya watoto hawa yamo kwenye madaftari ya kliniki. Kliniki iandike barua, mwalimu mkuu aipokee, na mtoto apewe kikombe chake saa nne kamili bila kuulizwa mchango.